Ni ugonjwa wa akili, ao ni namna alivyozaliwa? Somo juu ya otismi kwa mutu mukubwa

Ndugu mufanyakazi, na wewe mama mwenye kulinda nyumba, ukurasa huu unazoea kusema juu ya kofia, viatu vya kazi, mavumbi na mashini zenye kuzunguka. Leo tunasoma jambo lisiloonekana kwa macho.

Kuko watu wakubwa, wenye kazi, wenye bibi ao bwana, wenye watoto, ambao zamani walipewa jina la ugonjwa wa akili. Mumoja aliambiwa ana skizofrenia. Mwingine aliambiwa ana ugonjwa wa huzuni kubwa, mwingine ugonjwa wa hofu. Wanameza dawa tangu miaka. Dawa zinasaidia kidogo, ao hazisaidii. Kisha siku moja wanasikia habari ya otismi na wanashangaa: «Haya yote ni mambo yangu tangu utoto!» Mutu kama huyo anaweza kuomba apimwe tena? Ndiyo, anaweza. Somo hili linaonyesha njia, na linaonyesha pia hatari za kukwepa njiani.

1. OTISMI NI NINI?

Wenzetu wa Tanzania na Kenya wanaiita usonji. Ni namna ubongo unavyojengwa tangu mwanzo wa maisha. Haiambukizi. Haitoki kwa mama mwenye kulea mubaya, wala kwa ulozi wa jirani. Mutu hapati otismi akiwa na miaka 30. Kama iko, ilikuwako tangu utoto, hata kama hakuna mutu aliyeitambua.

Wanganga wanatafuta alama za namna mbili. Namna ya kwanza ni shida katika kupatana na watu: kufahamu jambo ambalo wengine hawasemi waziwazi, kufahamu muchezo na mafumbo, kuanza mazungumzo na kuyamaliza, kusoma sura ya mutu. Namna ya pili ni kushika sana njia moja: kupenda kila kitu kifanyike vilevile kila siku, kuingia kwa nguvu katika jambo moja, kurudilia tendo ao neno, kuumizwa na kelele, mwangaza, harufu ao nguo fulani, ao kutosikia maumivu sawa wengine. Mutu anapaswa kuwa na alama za namna zote mbili, na ziwe zinamusumbua katika maisha. Alama moja tu haitoshi. Kupenda kunyamaza siyo otismi.

Shirika la Afya la Ulimwengu linahesabu kwamba mu mwaka wa 2021 karibu mutu 1 kati ya watu 127 alikuwa na otismi. Wamoja hawasemi hata neno na wanahitaji musaada kila siku. Wengine ni mafundi hodari, wanatumika pembeni yetu, na hakuna mutu anayefahamu kwa nini wanachoka vile.

2. KWA NINI MAJINA YALICHANGANYIKA?

Angalia tarehe, na utafahamu. Neno otismi lilianza kutumiwa na munganga Eugen Bleuler wa Uswisi, karibu mwaka wa 1911. Lakini yeye alikuwa anasema juu ya wagonjwa wa skizofrenia wenye kujifunga ndani ya mawazo yao. Mu mwaka wa 1943, kule Marekani, munganga Leo Kanner aliandika habari ya watoto 11 ambao alama zao zilikuwa zao peke yao. Mu mwaka wa 1944, kule Vienna, Hans Asperger aliandika habari ya vijana wenye kusema vizuri lakini wenye shida ya kupatana na wenzao.

Hata hivyo, miaka mingi ilipita watoto wenye otismi wakihesabiwa pamoja na skizofrenia ya utoto. Ni mu mwaka wa 1980 ndipo kitabu kikubwa cha wanganga wa akili wa Marekani kilitenganisha mambo hayo mawili. Mu mwaka wa 1981, munganga Lorna Wing wa Uingereza alikumbusha watu kazi ya Asperger. Mu mwaka wa 1994 kitabu kile cha Marekani kiliandika jina «Asperger», na mu mwaka wa 2013 kikaunganisha majina hayo yote kuwa otismi moja.

Sasa hesabu mwenyewe. Mutoto aliyezaliwa mu mwaka wa 1970 alikuwa na miaka 10 wakati vitabu vilipotenganisha mambo hayo. Mwalimu wake hakuweza kujua, wala wazazi wake, wala muuguzi wa dispanseri. Basi, kuomba kupimwa tena siyo kushitaki munganga wa zamani. Alitumika na vyombo alivyokuwa navyo.

3. NAMNA JINA LISILO LAKE LINAVYOINGIA

Tuchukue mufano. Tuseme kuko fundi mumoja wa atelye. Anajua kila skurubu ya mashini. Hakuli pamoja na wengine, kwa sababu kelele ya sahani inamukata kichwa. Akiwa peke yake anarudilia kwa sauti maneno aliyosikia asubuhi. Siku moja kapita anamubadilishia fasi ya kazi kwa gafula. Anapiga kelele, anatupa vyombo, anajificha nyuma ya depo, hajibu mutu. Wanamupeleka hospitali.

Kule wanamuuliza: «Unasikia sauti za watu usiowaona?» Anajibu: «Ndiyo, kila usiku.» Na anasema kweli: kila usiku anasikia majirani wakisema nyuma ya ukuta, na hawaoni. Alijibu neno kwa neno, sawa alivyoulizwa. Lakini ndani ya karatasi wanaandika: anasikia sauti. Wanaandika tena: haangalii mutu machoni, uso haubadiliki, anasema peke yake, anajitenga. Mambo hayo manne yanaonekana katika skizofrenia, na yanaonekana pia katika otismi. Kwa njia hiyo fundi wetu anarudi nyumbani na jina na sindano.

Basi tofauti iko wapi? Iangalie katika mambo matatu.

MWANZO. Otismi inaanza utotoni. Skizofrenia, mara mingi, inaanza wakati wa ujana ao utu uzima, na jamaa wanasema: «Zamani hakuwa hivi, alibadilika.»

MAWAZO. Mugonjwa wa skizofrenia anaweza kusikia sauti ambazo haziko, ao kuamini kabisa kwamba watu wanamuwinda. Mwenye otismi anaweza kuogopa watu kwa sababu kweli walimucheka na kumudanganya mara mingi. Inaomba kuuliza sana ili kutenganisha.

KISA. Mwenye otismi anapolipuka, mara mingi kuko sababu ya karibu: kelele, mabadiliko, maneno mengi kwa mara moja. Ukiondoa sababu, anatulia.

Usisahau jambo moja: mutu anaweza kuwa na vyote viwili. Kuwa na otismi hakuzuii skizofrenia. Na huzuni kubwa na hofu zinapatikana sana kwa watu wenye otismi, kwa sababu wanaishi miaka wakijilazimisha kufanana na wengine. Kwa hiyo jina la kwanza linaweza kuwa la kweli, lakini likawa nusu tu ya habari. Wanawake zaidi wanajificha vizuri: wanajifunza kucheka wakati wengine wanacheka, kisha wakifika nyumbani wanaanguka kitandani. Kwao jina la otismi linachelewa zaidi.

4. KWANZA TUANGALIE MAMBO YA KAZI YETU

Sisi watu wa migodi tunapaswa kuangalia pia sababu nyingine zenye kufanana. Mavumbi na moshi wa manganeze, madini yaliyochimbwa kwetu kule Kisenge, yakiingia sana mwilini yanapiga ubongo: mutu anabadilika tabia, anacheka ao kulia bila sababu, kisha mwili unakuwa mugumu na mwendo unaharibika. Risasi pia inasumbua akili. Na kelele ya mashini inaua masikio pole pole: mutu hajibu, watu wanasema «anajitenga», kumbe hasikii.

Mambo hayo yanaanza kisha mutu kuingia kazini, hayaanzi utotoni. Kwa hiyo mwambie munganga kazi uliyofanya, fasi gani, na miaka ngapi. Omba masikio yapimwe. Mwambie pia kama ulipata zamani malaria ya kichwa, uti wa mugongo, kifafa, ao kama jiwe lilikupiga kichwani. Munganga asiyejua kazi yako anatafuta gizani.

5. NJIA YA KUFUATA

Hatua ya kwanza: andika. Chukua daftari. Andika mambo yanayokusumbua leo, kazini na nyumbani. Kisha andika mambo ya utoto. Usiandike «nilikuwa tofauti». Andika matendo: «Nilipanga mifuniko ya chupa kwa rangi kila siku, na mutu akiigusa nilipiga kelele.» «Nilikula ugali tu, na mboga nilikataa iguse ugali.» Kama hujui kuandika, mutoto wako mwenye kusoma akuandikie.

Hatua ya pili: tafuta shahidi wa utoto. Mama, baba, shangazi, kaka mukubwa. Ulianza kusema na miaka ngapi? Ulicheza na wenzako namna gani? Bila habari za utoto, munganga atashindwa kutenganisha otismi na ugonjwa uliokuja kisha. Kama wazazi wamekufa ao wako mbali, karatasi za masomo zinasaidia, hasa maneno ya mwalimu juu ya mwenendo.

Hatua ya tatu: kusanya karatasi za hospitali. Jina la ugonjwa ulilopewa, mwaka, dawa zote, na matokeo ya kila dawa. Usifiche kitu. Wamoja wanaficha jina la kwanza kwa haya, wakifikiri munganga mupya atawasikiliza vizuri zaidi. Ni kujidanganya: munganga anahitaji habari yote ili aamue vizuri.

Hatua ya ine: ona munganga wa kampuni, na umuombe akutume kwa munganga wa magonjwa ya akili. Wanganga hao ni wachache mu inchi yetu, basi inaomba uvumilivu. Kule Lubumbashi kuko kituo cha Dr Joseph Guislain, cha Mafrère wa Charité. Kule Kinshasa kuko CNPP ya chuo kikuu. Sema waziwazi: «Nilipewa jina hili. Mambo haya yako tangu utoto wangu. Ninaomba muangalie kama ni otismi.» Hayo ni maneno ya heshima, na uko na haki ya kuyasema.

Hatua ya tano: uwe tayari kwa maulizo mengi. Otismi haionekani katika damu wala katika radio. Kupimwa ni mazungumzo marefu, kuangaliwa, na kusikiliza jamaa. Kuko pia karatasi za maulizo, sawa ile ya maulizo 50 iliyotengenezwa kule Cambridge, Uingereza, mu mwaka wa 2001. Karatasi hizo zinaonyesha tu kama inaomba kutafuta zaidi. Mutu mwenye hofu kubwa ao huzuni anaweza kupata hesabu ya juu bila kuwa na otismi. Basi usijipe jina wewe mwenyewe.

Omba pia muzungumze kwa luga unayoijua vizuri, Kiswahili ao luga ya nyumbani. Na kumbuka desturi zetu: kwetu, kijana asiyeangalia muzee machoni anaonyesha heshima. Hiyo peke yake siyo alama. Swali ni hili: na wenzake wa umri mumoja, akiwa kati ya marafiki, anaangalia namna gani?

6. SHERIA KUBWA: USIACHE DAWA PEKE YAKO

Hapa hatari iko karibu. Mutu anasikia «pengine siyo skizofrenia», anatupa dawa zote siku ile ile. Ndugu, usifanye hivyo. Dawa za skizofrenia zikikatwa kwa gafula, ugonjwa unaweza kurudi kwa nguvu. Dawa za kutuliza za namna ya Valium, kama ulimeza wakati murefu na unaziacha kwa mara moja, zinaweza kuleta kifafa. Kama inaomba kupunguza, munganga atapunguza pole pole, akikuangalia.

Wakati unangojea, linda usalama wako kazini. Dawa nyingi za akili zinaleta usingizi: sema kwa munganga kama unaendesha gari, mashini ao kreni. Dawa fulani, sawa Largactil, zinazuia mwili kupoa vizuri: mwenye kutumika karibu na tanuru ao chini ya jua kali anapaswa kunywa maji na kupumzika kivulini. Mwenye kumeza litiumu ajichunge zaidi, kwa sababu akitoka jasho mingi ao kuhara bila kurudisha maji na chumvi, litiumu inapanda ndani ya damu na inakuwa sumu. Mikono ikianza kutetemeka sana, ukitapika, ukiyumba sawa mulevi, kimbilia hospitali siku ile ile.

Na jambo moja kwa jamaa: mutu akisema anachoka kuishi, usimuambie «acha michezo». Mawazo ya kujiua yanapatikana zaidi kwa watu wakubwa wenye otismi kuliko kwa wengine. Usimuache peke yake. Mupeleke kwa munganga mara moja.

Usimufunge kamba. Usimunyime chakula ili «pepo atoke». Kuomba Mungu siyo kosa, lakini maombi hayakatazi dawa, na hayakatazi munganga.

7. KISHA KUPIMWA, NINI INABADILIKA?

Hakuna dawa ya kuondoa otismi. Basi jina linafaa nini? Linafaa kwanza kupanga matunzo: dawa isiyo ya lazima inaweza kupunguzwa, na huzuni ao hofu inatunzwa kwa njia inayomufaa mutu huyu. Linafaa pia moyoni. Mwimbaji Susan Boyle wa Scotland alijulikana ulimwenguni mu mwaka wa 2009. Tangu utoto aliambiwa ubongo wake uliharibika wakati wa kuzaliwa. Mu mwaka wa 2013, akiwa na miaka zaidi ya 50, alieleza watu kwamba alipimwa na kuonekana ana otismi ya namna ya Asperger, na kwamba habari hiyo ilimupumuzisha. Donald Triplett, mutoto wa kwanza katika maandishi ya Kanner ya 1943, alikuwa mutu muzima mwenye kazi: alitumika miaka mingi ndani ya banki ya muji wake kule Mississippi, na alikufa mu mwaka wa 2023 akiwa na miaka 89. Watu wa muji wake walimuzoea, na yeye aliwazoea.

Ikiwa munganga anaamua siyo otismi, usione umepoteza feza na wakati. Daftari lako na ushuhuda wa mama yako vinamusaidia kutunza vizuri ugonjwa ule mwingine.

Kuko pia sheria. Tarehe 3 Mei 2022 inchi yetu ilitoa sheria no 22/003 yenye kulinda haki za watu wenye kuishi na ulemavu. Karatasi ya munganga inaweza kusaidia kupanga kazi vizuri, lakini habari hiyo ni yako. Ni wewe unayeamua kumwambia nani.

KWA KAPITA. Musaada mwingi hauombi feza. Sema agizo moja, kisha lingine. Sema waziwazi: usiseme «harakisha kidogo», sema «maliza mbele ya saa sita». Habari ya mabadiliko itoe jana yake. Vifuniko vya masikio vipatikane. Usilazimishe mutu akule pamoja na wengine. Alama ya hatari usiionyeshe kwa jicho tu: isemwe kwa maneno, kwa sababu mwenzako huyu hataisoma usoni mwako. Kazi ya kuangalia makosa madogo, kupima, kuhesabu, kupanga vyombo, mara mingi anaifanya bila kuchoka. Na ukisikia wengine wanamuita «kichaa», wanyamazishe.

KWA BIBI AO BWANA. Akirudi kazini na kunyamaza, siyo hasira juu yako. Mupatie saa moja ya kimya, kisha muzungumze. Ukitaka kitu, kiseme, usingojee akitambue. Na wewe pia pumuzika, maana kubeba muzigo peke yako kunavunja mugongo.

MAULIZO YA KUJIJARIBU

1. Mutu anaweza kuanza otismi akiwa na miaka 35?
Hapana. Alama zinakuwako tangu utoto. Zikianza kisha, tafuta sababu nyingine.

2. Mwenye otismi anaweza kuwa na skizofrenia ao huzuni kubwa pia?
Ndiyo. Kwa hiyo usikatae jina la kwanza mbele ya kupimwa vizuri.

3. Shahidi gani anafaa zaidi kwa munganga?
Yule aliyekuona ukiwa mutoto mudogo.

4. Unapongojea kupimwa, unaacha dawa?
Hapana, hata siku moja, bila neno la munganga.

5. Mwenzako hakuangalii machoni na hapendi michezo ya maneno. Umuite mulozi ao kichaa?
Hapana. Umuite kwa jina lake, na umuambie jambo waziwazi.

Ndugu musomaji, mashini ikisimama, fundi muzuri hapigi nyundo juu yake. Anafungua, anaangalia, anatafuta namna ilivyotengenezwa. Mutu anastahili uangalifu mwingi zaidi kuliko mashini. Kata karatasi hii, uitie ndani ya daftari, na umupatie mwenye kuihitaji.